Antibiotiki ya Kinga kwa Mchangiaji wa Figo: Dozi Moja, kwa Wakati Wake

Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza figo Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2018. Hivyo mkazi wa Kiegei, Nachingwea au Ruangwa anayetaka kumpa ndugu yake figo anaweza kupata hapa nchini huduma ambayo awali wengi waliifuata India. Mchangiaji huyo si mgonjwa. Anapasuliwa kwa ajili ya mwenzake. Kwa sababu hiyo, kila dawa anayopewa sharti iwe na manufaa ya hakika.

Je, kwa nini mtu mwenye afya njema apewe antibiotiki? Ngozi inapopasuliwa, bakteria wanaoishi juu yake hupata njia ya kuingia mwilini. Dawa iliyokwisha kuenea mwilini huwadhibiti kabla hawajazaliana. Utafiti uliofanyika Uingereza ulionesha kuwa wachangiaji wa figo waliopewa dozi moja kabla ya upasuaji walipata maambukizi machache kuliko wasiopewa.

Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba, pale kinga hiyo inapohitajika, itolewe ndani ya dakika 120 kabla ya kupasua, kulingana na aina ya dawa, na isiendelezwe baada ya upasuaji. Kuongeza siku hakuongezi kinga. Huweza kuleta kuharisha na kujenga usugu wa bakteria dhidi ya dawa.

Tunamshauri mchangiaji azingatie yafuatayo:

1. Mweleze daktari mapema kuhusu mzio wowote, hasa wa penisilini, na dawa zote unazotumia.

2. Uliza utapewa dawa gani, wakati gani, na kwa sababu gani.

3. Ukirejea nyumbani, usinunue antibiotiki dukani ili "kukausha kidonda". Antibiotiki hutolewa kwa cheti cha daktari.

4. Usitumie diklofenaki wala ibuprofeni bila ushauri wa daktari, kwa kuwa zinaweza kudhuru figo iliyobaki.

5. Ukiona usaha, wekundu unaoenea, homa au maumivu yanayozidi, nenda kituo cha afya au hospitali siku hiyohiyo, ukaeleze kuwa una figo moja.

Ikithibitika kuwa umepata maambukizi, antibiotiki utakayoandikiwa ni ya tiba, si ya kinga. Hiyo itumie kama ulivyoelekezwa, hadi mwisho.