Vidanje ya pili: mafuta ya ponti kwenye pikipiki ya magurudumu matatu



Kwenye makundi yetu tunaongea kila siku ju ya diplome zisizopata kazi. Leo niongee ju ya kitu chenye wengi wetu tumekimbilia baada ya diplome: ile pikipiki ya mizigo yenye magurudumu matatu. Wapo waliochanga watatu, wanne, wakanunua moja ibebe ndagala, mihogo, mawese na saruji kati ya huku kwetu na Uvira. Mimi pia nina sehemu yangu katika moja. Kazi ya kuitunza iko mikononi mwangu, ju katika washirika wanne mimi njo nisiyeogopa kuchafuka.

Wengi wetu tulijifunza kuendesha kwenye TVS au Boxer, zile za mnyororo. Mnyororo hauna siri: ukilegea unaukaza, ukikauka unaupaka mafuta. Na vidanje ni moja tu, ya moteri. Tukanunua ya mizigo, tukaendelea na mazoea yale yale.

Sasa inama uangalie chini ya sanduku la mzigo. Kama yako ni ya mnyororo, mengi ya hapa hayakuhusu. Lakini nyingi zina kardani, yaani fimbo nene ya chuma inayotoka kwenye moteri na kuzunguka mpaka kwenye donge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma. Donge lile njo ponti. Ndani yake kuna meno yanayopokea mzunguko wa kardani na kuugeuza digrii 90 ili uende kwenye magurudumu, na meno mengine madogo yanayoruhusu gurudumu la nje kukimbia kuliko la ndani unapokata kona. Meno hayo yanasukumana kwa nguvu huku yakiteleza, na kinachozuia chuma kisile chuma ni utando mwembamba wa mafuta.

Mafuta hayo ni ya ponti peke yake. Hayakutani hata siku moja na ya moteri. Unaweza kufanya vidanje ya moteri mara 10, na kwenye ponti yakabaki yale yale yaliyotoka nayo kiwandani. Kuna garaji moja, sitaitaja, ilituambia ponti haina vidanje, imefungwa milele. Wakati bulo mbili zilikuwa pale, moja ya kujazia na moja ya kumwagia, zinaonekana hata na mtoto!

Kardani yenyewe si kitu kipya. BMW iliiweka kwenye R32 mwaka 1923, na Honda Gold Wing inaitumia tangu 1975. Tofauti ni kwamba mwenye Gold Wing anatembea kwenye lami kavu. Sisi tuko kwenye barabara ya taifa namba 5, mlima upande mmoja na ziwa upande wa pili, na mito yote inayoshuka mlimani inapita barabarani kabla ya kufika Tanganyika. Toka mwezi wa 10 mpaka wa 5 kuna siku unavuka maji yanayofika kwenye ekseli. Na ziwa lenyewe lilipanda kuanzia 2020: tumeona maji yakiingia kwenye nyumba na barabara kule Kalundu na Uvira. Kwa hiyo swali la kwetu si kilometa tu. Swali ni maji.

Na hapa kuna jambo ambalo mtu aliyesoma fizikia anaweza kulielewa vizuri kuliko fundi mwenye miaka 20 ya kazi. Ukitoka Uvira na mzigo, ponti inapata joto, na hewa iliyo ndani, juu ya mafuta, inapanuka. Ili isipasue raba za kuzuia mafuta, watengenezaji wameweka tundu dogo la kupumulia juu ya ponti, lenye kikofia. Hewa inatoka polepole. Halafu unafika mtoni na ponti inazama ghafla kwenye maji baridi. Hewa inapoa na kusinyaa. Piga hesabu: kutoka digrii 80 mpaka 25, kwa kipimo cha Kelvini ni kutoka 353 mpaka 298, maana yake upungufu wa karibu 16 kwa mia. Nafasi ile lazima ijazwe na kitu. Kama lile tundu liko chini ya maji, ponti inakunywa maji. Kama limeziba kwa matope, inavuta kupitia kando ya raba. Njo maana mtu anaweza kuvuka mto ule ule asubuhi, ponti ikiwa baridi, bila shida, lakini jioni akivuka na joto anaingiza maji.

Maji ndani ya mafuta yanakata ule utando. Yanaotesha kutu kwenye rulema, zile duara zenye gololi ndani zinazobeba ekseli. Unaanza kusikia mlio kama wa mtu anayeimba kwa pua, unasema ni barabara. Siku unakuja kugundua, bei ya ponti inakula miezi ya mapato, na pikipiki imelala huku washirika wanaanza kutazamana vibaya. Lita moja ya mafuta si kitu mbele ya hiyo.

Basi tufanye kazi.

Nunua mafuta ya gia yenye maandishi SAE 80W-90 na GL-5, isipokuwa kama kitabu cha pikipiki yako kinasema mengine. Wauzaji wengi wanayaita "ya 90" tu. Usidanganywe na hiyo namba, kwamba 90 ni mazito mara mbili kuliko ya moteri ya 40. Vipimo vya gia na vya moteri ni ngazi mbili tofauti. Mafuta ya gia ya 90 yanakaribiana kwa uzito na ya moteri ya 40 au 50. Kinachoyatofautisha ni dawa iliyo ndani yake, yenye salfa na fosforasi, inayolinda meno pale yanapobanana sana. Harufu ile kali inatoka humo. Kwa hiyo kujaza mafuta ya moteri kwenye ponti ju "yote ni mafuta" ni kuinyima ile dawa.

Tembeza pikipiki dakika 10 hivi ili mafuta yalegee, yasichome. Isimamishe fasi tambarare kabisa, kwa sababu kipimo cha mafuta ni tundu lenyewe, na ikiinama kipimo kinadanganya. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Usiingie chini ya pikipiki iliyoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Osha fasi ya bulo zote mbili kwa brashi. Mchanga wa hapa ukiingia ndani unasaga meno kama unga.

Halafu hii naomba muikamate: fungua bulo ya kujazia kwanza. Ya juu. Ile ya chini usiiguse mpaka ya juu imefunguka. Sababu ni rahisi. Kama bulo ya juu imeshikwa na kutu na ikakataa, na umeshamwaga mafuta yote, uko na pikipiki isiyoweza kwenda hata garaji. Ikikataa mwanzoni, unafunga mikono yako na unaenda kumwona mwenye vyombo. Tumia kle inayoingia sawasawa, si ile ya kubana-bana, ju kichwa cha bulo kikishakuwa duara umeongeza kazi ya siku nzima.

Sasa kata bidoni ya lita 5 ubavuni, iweke chini, fungua bulo ya kumwagia. Usiharakishe. Hapa njo pale ninapopenda, ju mafuta yanaongea. Yakitoka meusi au ya kahawia, ni uzee wa kawaida. Yakitoka rangi ya chai ya maziwa, kuna maji. Wakati mwingine, pikipiki ikiwa imelala usiku mzima, ukilegeza bulo kidogo tu asubuhi kabla ya kuiwasha, yanatoka maji matupu kwanza, ju maji ni mazito na yanakaa chini. Ukipaka mafuta kwenye vidole ukaona unga mwembamba wa kijivu unaong'aa, hasa pikipiki ikiwa mpya, usitishike: meno mapya yanasuguana mpaka yazoeane, na njo maana vidanje ya kwanza ya ponti inafanywa mapema. Lakini ukikuta kipande unachoweza kukishika kwa kucha, jino linavunjika. Usijaze mafuta mapya ukaenda kutafuta mzigo. Ponti ifunguliwe.

Kama yalikuwa na maji, weka mafuta mapya kidogo, tembea polepole kilometa chache bila mzigo, mwaga tena, ndipo ujaze ya kudumu. Inauma mfukoni, najua. Maji yanabaki kwenye kona, na mafuta mapya juu ya maji ya zamani yatakuwa chai ya maziwa ndani ya wiki.

Bulo ya chini ina rondela. Mpya ni bora. Kama huna na yako ni ya shaba, iweke kwenye mbabula mpaka iwe nyekundu, itumbukize kwenye maji, isugue: inakuwa laini na inaziba tena. Ile ya aluminiamu usiipeleke kwenye makala, itayeyuka. Kaza kwa kle fupi na nguvu ya mkono mmoja. Kijana mwenye nguvu akiweka bomba refu kwenye kle ataharibu nyuzi za bulo, na nyuzi zikishaliwa hakuna rondela itakayokuokoa.

Kujaza, mimi natumia seringi kubwa na kipande cha mpira wa serumu, vyote vipya kutoka famasi. Jaza mpaka mafuta yafike kwenye mdomo wa tundu na kuanza kudondoka. Ngoja dakika kadhaa, ongeza kidogo, funga. Usizidishe. Watu wa kwetu tunapenda kuzidisha, tunafikiri ni upendo. Mafuta yakizidi yanapigwa na meno mpaka yanatoka povu, yanapata joto, yanatafuta njia kupitia raba za mwisho wa ekseli. Na baada ya raba hizo kuna nini? Freni za nyuma. Mafuta yakifika kwenye viatu vya freni, na nyuma kuna mifuko 10 ya saruji, yaani kilo 500, pikipiki haisimami. Mbele yako kuna mama na beseni lake la ndagala. Kwa hiyo ukiona gurudumu la nyuma limelowa mafuta kwa ndani, usibebe mzigo mpaka raba imebadilishwa na freni zimesafishwa.

Imebaki tundu la kupumulia. Ng'oa kikofia, kisafishe, hakikisha hewa inapita. Kwetu tulienda mbali kidogo: tulitoa kikofia, tukachomeka mpira unaostahimili mafuta, tukaubana vizuri, tukaupandisha mpaka chini ya kiti na kuukunja mdomo uangalie chini. Hivi ponti ikisinyaa mtoni inavuta hewa ya juu, si maji. Magari yanayovuka mito mingi yanafanywa hivyo hivyo. Kwa maoni yangu kipande hicho cha mpira kina faida kuliko mapambo yote na maredio tunayofunga mbele. Ila hakiondoi kazi ya kuangalia, ju raba zikichoka maji yanapita pale pale.

Mafuta ya zamani usiyamwage kwenye mtaro. Huku kwetu mtaro wote unaishia ziwani, na ziwa hili halina mto mwingine wa kulitoa maji isipokuwa Lukuga, kule Kalemie, kinachoingia kinakaa. Tunayanywa maji hayo, na mikeke tunaila kutoka humo humo. Mimi naweka kwenye bidoni iliyofungwa, na wachana mbao wanakuja kuyachukua kwa ajili ya misumeno yao. Si dawa kamili, lakini ni afadhali kuliko mtaro.

Ju ya muda: fuata kitabu kama unacho. Kama huna, siwezi kukupa namba moja ya pikipiki zote, lakini baada ya mto ulioizamisha ponti ikiwa na joto, angalia kesho yake asubuhi. Legeza bulo ya chini kidogo, tone la kwanza litakuambia. Na kama kilometraji yako imekufa, kama ya wengi, pima safari moja ya Uvira kwenda na kurudi kwa pikipiki ya mwenzako yenye kilometraji nzima, kisha hesabu safari. Sisi tunachora alama kwa kalamu ya wino mzito chini ya kifuniko cha kiti, safari moja mstari mmoja, na siku ya vidanje ya ponti tunaandika tarehe. Dereva akibadilika, mistari inabaki.