Mayai yanayongoja mvula

Kule Bukama na mu bonde la Lufira, dimbwi la mvula likikauka watu wanapita juu yake na kinga. Samaki wakubwa wa Nothobranchius wamekufa wote. Lakini chini ya matope mayai yao yako hai, yanangoja. Mvula ikirudia, watoto wanatoka.

Mu nyumba ni vilevile. Wafugaji wanaweka mu bakuli turbe, ule udongo laini wa mimea iliyooza. Samaki wanataga humo. Kiisha wanaikamua, wanaianika kidogo, ibakie na unyevu sawa tumbako ya kiko. Funga mu sashe ya plastiki, andika aina na tarehe, weka pahali pa joto la degre 24 mpaka 28. Aina zingine zinaomba miezi 2, zingine 6.

Usiharakishe. Kamata lupe: ukiona ndani ya yai macho yenye duara ya dhahabu, mtoto yuko tayari. Mimina maji baridi kidogo, degre 18 hivi, kina cha vidole viwili. Mu saa chache wanaogelea.

Sasa neno kubwa: usitupe ile turbe! Mayai hayaamke yote pamoja. Mu pori mvula ya kwanza inaweza kudanganya, halafu jua linarudia. Kama wote wangetoka siku moja, ukoo ungekwisha. Kausha tena, funga, ngoja wiki 3 ao 4, loanisha tena. Wale wachelewaji njo akiba.