Kiwanja Kisongo, mama Elerai

Jumapili jioni pale Elerai, jijini Arusha, maongezi ya vijana waliooa hayakawii kufika kwenye kiwanja. Kodi imewachosha, na uani kwa baba hakuna tena pa kuongeza chumba. Mmoja anataja Kisongo, mwingine Muriet, mwingine Usa River kwenye barabara ya Moshi. Dalali hutaja bei na vipimo tu. Hakwambii kwamba ukiwa Usa River, mama akizidiwa usiku utatafuta gari la kuvuka jiji lote.

Kubanwa na ardhi si jambo geni hapa. Tangu enzi ya Wajerumani, mashamba ya walowezi yaliwazunguka Waarusha na Wameru kwenye miteremko ya Mlima Meru. Mashamba ya ukoo yakagawanywa kwa wana hadi yakawa vipande, na waliokosa wakashukia tambarare. Huko walikwenda wenyewe. Mwaka 1951 mambo yalikuwa mengine: serikali ya Mwingereza iliwafukuza Wameru kutoka Engare Nanyuki, ardhi wapewe walowezi, wao ikawaelekeza Kingori. Walikataa, na 1952 Kirilo Japhet akapeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa, New York.

Leo hakuna kinachomfukuza mtu ila kodi, kwa hiyo kila mume na mke wanapiga hesabu yao. Kisongo kuna nafasi ya kufuga kuku na watoto kucheza, lakini kuna vumbi na upepo, na mvua haifanani na ya mlimani. Popote uendapo, uliza maji kabla ya hati: chemchemi na visima vingi vya eneo la Meru vina floraidi nyingi, ile inayowatia watoto meno ya kahawia.

Halafu kuna bibi. Wazazi wote wawili wakiwa kazini, ndiye anayewapokea wajukuu wakitoka shule, bila mshahara. Mkihama mbali, jumlisheni dada wa kazi na nauli za kila siku, mtaona kiwanja cha bei poa kinavyopanda bei. Mimi ningechukua kiwanja Kisongo, hata kama ni kidogo, kwa kuwa huko ni upande uleule wa magharibi kama Elerai.

Kabla ya kulipa, ndugu wakae: nani atampeleka mama kliniki, nani atalala pale nyumbani? Mara nyingi jibu huwa ni kitindamimba, na mara nyingi yeye ndiye hakuitwa kwenye kikao.