Uvira: siku moja bila maji ya robine, siku kumi na mbili za wagonjwa

Robine zikikauka Uvira, hakuna anayengoja ripoti ili ajue. Bidoni za njano zinaanza kuonekana njiani kabla jua halijatoka Burundi, upande wa pili wa maji. Wakaaji wa kartie za chini, kule Kalundu, Kimanga au Kasenga, wanateremka ziwani. Walio karibu na mito wanachota mitoni. Mwenye franka ananunua bidoni kwa kijana wa baiskeli. Jioni kila nyumba imepata maji ya namna fulani, na siku inahesabiwa kuwa imepita salama.

Lakini siku ile haijaisha. Madhara yake yanaendelea kufika hospitalini kwa karibu wiki mbili, na Uvira ni mmoja wa miji michache ambako jambo hilo limepimwa siku kwa siku.

Kiwanda cha REGIDESO kinachotumia maji ya mto Mulongwe kina hesabu ya kila siku: ni mita kibu ngapi zilizotolewa leo kwenda mjini. Kituo cha matibabu ya kipindupindu, CTC, nacho kina rejista yake: nani ameingia, ana umri gani, anatoka kartie gani. Hesabu ya kwanza ni ya kampuni, ya pili ni ya hospitali. Ya kwanza inapanda kwa wakubwa wa REGIDESO, ya pili inapanda kwa wakubwa wa afya. Kwa kawaida karatasi za namna hiyo hazikutani.

Watafiti wa chuo cha London School of Hygiene & Tropical Medicine, wakiongozwa na Aurélie Jeandron, wakazikutanisha. Walichukua siku 1,946, kati ya mwaka 2009 na 2014, wakaweka kiasi cha maji cha kila siku pembeni ya idadi ya wagonjwa walioingia CTC. Waliangalia pia mvua, majira na hata siku ya juma, ili wasije wakalaumu bomba kwa kosa la mvua. Matokeo yalitoka Oktoba 2015 katika jarida la PLoS Medicine.

Katika siku hizo, watu 5,745 wenye umri wa zaidi ya miaka mitano waliingia CTC wakiharisha maji. Ni kama watu watatu kila siku, bila kuhesabu watoto wadogo. Baada ya siku moja ambayo mji haukupata maji kabisa, wagonjwa waliongezeka kwa wastani wa asilimia 155 katika siku 12 zilizofuata, yaani zaidi ya mara mbili na nusu, ukilinganisha na kipindi kinachofuata siku ambayo kiwanda kimefanya kazi vizuri. Kufanya kazi vizuri, katika hesabu hiyo, ni kutoa mita kibu 4,794 kwa siku. Na katika wagonjwa wote, asilimia 23.2 walihusishwa na upungufu wa maji ya bomba. Hao ni zaidi ya watu 1,300.

Watafiti wenyewe waliweka tahadhari: hao walikuwa wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na kipindupindu, kwa sababu hakukuwa na vipimo vya maabara kwa hesabu hiyo. Na asilimia hizo ni makadirio, zina upana wake juu na chini. Hata hivyo mwelekeo ulikuwa wazi.

Kwa nini habari hii ya kipindupindu iwahusu watu wanaoandaa ripoti za makampuni? Kwa sababu dunia ya biashara sasa inaandika sana ripoti za namna hiyo. Kampuni kubwa inatakiwa kueleza, pamoja na faida yake, inavyotendea maji, hewa, wafanyakazi na watu wanaoishi jirani nayo. Kuna vipimo vya kimataifa vya GRI ambavyo vina sehemu nzima juu ya maji. Mwaka 2023 bodi ya ISSB ilitoa vipimo vyake viwili vya kwanza. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria yake mwaka 2022, kisha ukaanza kuipunguza makali makampuni yalipolalamika. Namba zote hizo zinaishia kwenye dashibodi, yaani ukurasa mmoja wa ekrani wenye michoro na rangi: kijani ni vizuri, nyekundu ni vibaya. Mkurugenzi anatazama kwa dakika tano, anajua kampuni inaendaje. Au anadhani anajua.

Kivu Kusini imeonja mambo haya kupitia madini. Tangu Marekani ipitishe sheria ya mwaka 2010 inayodai makampuni yaeleze kama bati, koltani, wolframu na dhahabu yao inatoka katika maeneo ya vita, magunia ya kwetu yamefungwa etiketi na kuandikwa kwenye madaftari. Ulaya nayo ikaleta sheria yake, iliyoanza kutumika Januari 2021. Ripoti zikawa nyingi mno. Mchimbaji anayeuliza ripoti hizo zimebadilisha nini kwenye shimo lake hapati jibu haraka, maana kilichohesabiwa zaidi ni magunia na etiketi. Kuhesabu gunia ni rahisi. Linakaa pale pale likingoja kuhesabiwa.

Maji nayo yana hesabu yake rahisi, na hapo ndipo dashibodi inaweza kudanganya bila mtu yeyote kusema uongo. Tuchukue mfano wa kubuni. Mwezi wa kwanza kiwanda kinatoa mita kibu 3,000 kila siku kwa siku 30. Mwezi wa pili kinatoa 4,500 kwa siku 20, halafu kinakaa kimya siku 10. Jumla ya kila mwezi ni 90,000. Katika ripoti ya mwezi, mstari mmoja unafanana na mwingine, wastani ni ule ule, rangi ni ile ile. Mkurugenzi aliye Bukavu au Kinshasa, au mfadhili aliye Paris, haoni tofauti yoyote. Mama wa Nyamianda anaiona, na muuguzi wa CTC anaiona zaidi.

Kwa hiyo safu ya kwanza ambayo dashibodi ya kampuni ya maji ingehitaji ni siku ambazo maji hayakutoka, kila moja na tarehe yake. Baada ya hapo ndipo jumla zifuate. Jambo hili halihitaji mashine ya bei kali. Wanaopima makampuni ya maji duniani wana kipimo cha masaa ya maji kwa siku, na hata Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa, lengo la 6, hayakubali kuita maji kuwa salama kama hayapatikani yanapohitajika. Kipimo kipo. Kinachokosekana mara nyingi ni kukiweka juu ya ukurasa badala ya kukificha ukurasa wa arobaini.

Utafiti wa Uvira una mambo mengine mawili ambayo mtu wa takwimu angeyapita haraka, nayo yana uzito.

La kwanza ni klorini. Kila kiwanda cha maji kinapima klorini inayobaki ndani ya maji yanapotoka, na ni sawa kabisa kufanya hivyo. Ila katika Uvira ya miaka ile, kupanda na kushuka kwa klorini kwenye maji yanayoingia katika mabomba hakukuonyesha uhusiano wowote na idadi ya wagonjwa. Hiyo haimaanishi kwamba klorini haina kazi, na mtu asije akaacha kutibu maji kwa sababu ya sentensi hii. Inamaanisha kwamba kampuni ingeweza kuwa na safu ya klorini ya kijani mwaka mzima huku vitanda vya CTC vikijaa, kwa sababu maji masafi ambayo hayakufika nyumbani hayakumlinda mtu.

La pili linashangaza zaidi. Kartie zilizokuwa zinatumia maji ya bomba kwa wingi zilikuwa na wagonjwa wachache kwa ujumla. Lakini maji yalipokatika, ndizo zilizoumia zaidi: ongezeko lao lilikuwa mara 3.71, na asilimia 31.4 ya wagonjwa wao walihusishwa na upungufu wa maji. Mtu anaweza kuelewa sababu yake akifikiri kidogo. Nyumba iliyozoea robine haina desturi ya kuweka akiba kubwa, wala ya kuchemsha kila tone. Siku robine inapokauka, inakimbilia ziwani kama wengine, bila maandalizi ya wengine.

Kwa kampuni, maana yake ni nzito. Kila nyumba mpya inayounganishwa kwenye bomba inahesabiwa kuwa mafanikio, na kwa kweli ni mafanikio. Ila ni deni pia. Ukishamzoesha mtu robine, kukatika kwa maji kunamuumiza kuliko zamani. Dashibodi inayohesabu abone wapya bila kuhesabu siku kavu inaonyesha upande mmoja tu wa jambo.

Namba za utafiti huo zilikuja wakati mji unahitaji sana mabomba mapya. Shirika la maendeleo la Ufaransa, AFD, na Fondation Veolia, ambayo ni mfuko wa kampuni kubwa ya maji ya Ufaransa, ni miongoni mwa walioingia katika kazi ya kuimarisha maji ya Uvira pamoja na REGIDESO, na watafiti wa London wakaendelea kufuatilia kama wagonjwa watapungua. Hapo pia vishawishi vya ripoti ni vile vile. Mfadhili anapenda kuona kilomita za bomba, visima vya robine vya watu wote, tangi jipya. Vitu hivyo vinapigwa picha. Siku ambayo maji yametoka kutoka asubuhi mpaka usiku haina picha yoyote.

Halafu kuna swali la nani alaumiwe, na hapa ripoti nyingi zinakuwa na haya. Pampu zinahitaji umeme. Umeme wa SNEL unaofika upande huu unategemea mabwawa ya Ruzizi, la kwanza likiwa limejengwa tangu wakati wa Wabelgiji. Umeme ukikatika, pampu inasimama. Mvua kubwa ikinyesha milimani, Mulongwe inashuka na matope. Na Aprili 2020 mto huo huo uliacha njia yake, ukaua makumi ya watu, ukabomoa nyumba kwa maelfu na kuharibu mitambo ya maji. Mkubwa wa kituo hawezi kubebeshwa mafuriko. Lakini akiandika tu «hakuna maji» bila sababu, basi umeme, matope, ukosefu wa mafuta ya jenereta, bomba lililopasuka na faktire ambazo ofisi za serikali hazikulipa vyote vinakuwa kitu kimoja, na hakuna anayejua aanze kutengeneza wapi. Safu ya sababu ni fupi, neno moja tu linatosha, na pengine ndiyo yenye faida kuliko michoro yote.

Vita vimeleta shida nyingine ambayo watengenezaji wa dashibodi wa Ulaya hawaifikirii sana. Bukavu ilipoanguka Februari 2025, serikali ya jimbo ilihamia Uvira, na watu wengi waliokimbia vita wakapita huko au wakabaki. Desemba mwaka huo vita vikafika Uvira yenyewe. Katika siku kama hizo, mtu wa kujaza rejista anakimbia kama wengine, na kisanduku kinabaki kitupu. Programu nyingi zikikuta kisanduku kitupu, zinakiruka au zinaweka sifuri. Kwa maji, kukiruka kunapandisha wastani juu ya ukweli, kwa sababu siku mbaya zimefutika. Kwa wagonjwa, sifuri inaonyesha siku ya afya njema, kumbe ni siku ambayo hakukuwa na wa kuhesabu. Kisanduku kitupu kinapaswa kubaki kitupu mbele ya macho ya kila mtu, kwa rangi yake, si kijani wala nyekundu.

Na siku 12 zile zinaweza kufanya kazi kabla hata ripoti haijaandikwa. Kama REGIDESO inajua jioni kwamba leo maji hayakutoka, CTC inaweza kujua jioni ile ile. Mji unaweza kuwa na wiki moja na zaidi ya kujipanga: serumu zihesabiwe, klorini igawiwe pale watu wanapochota ziwani, wauguzi wa zamu waongezwe. Hilo halihitaji ekrani. Redio za Uvira zinasikilizwa mpaka kwenye pirogi, na tangazo la sekunde ishirini kila asubuhi, la kusema jana maji yalitoka masaa mangapi na katika kartie zipi, lingefikia watu wengi kuliko ukurasa wowote wenye michoro. Kijana wa baiskeli angelisikia pia, akapandisha bei ya bidoni.

Baada ya hapo inabaki kazi ya asubuhi kwenye kiwanda cha Mulongwe: mtu asome mita, aandike tarehe, mita kibu, masaa, na kama ni sifuri, aandike kwa nini.