Mhandisi wa Kompyuta Hapikwi kwa Madesa (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliona jinsi mhadhara mrefu unavyomwacha mwanachuo wa uhandisi wa kompyuta na madesa mengi na ujuzi haba. Leo tuingie darasani tuone mbinu shirikishi zinavyofanya kazi, na mfano tuuchukue Tunduma.

Nani Songwe asiyeijua foleni ya malori yanayosubiri kuvuka Nakonde kwenda Zambia na Kongo? Mhadhiri wa miundo ya data aanzie hapo, aulize hivi. Programu inapanga malori kwa kufuata lililotangulia kufika. Sasa tunataka yenye mizigo inayooza yapite mbele. Je, lori la mbolea lililofika alfajiri litavuka lini? Anatoa majibu manne. Kila mwanafunzi anachagua peke yake, kimya. Kisha wanageukiana, wanabishana, wanachagua tena.

Mmoja atasema litavuka jioni. Jirani yake atachora daftarini: ikiwa malori ya nyanya hayakatiki, na kila linalofika linapita mbele, la mbolea halivuki kamwe. Wa tatu atauliza: kwa nini kipaumbele kisiongezeke kadiri lori linavyosubiri? Hiyo ndiyo dawa inayotumika katika mifumo endeshi ya kompyuta, nao wameigundua kabla ya kutajiwa. Hapo mhadhiri aeleze kwa ufupi, kisha wakae wawili wawili waandike programu yenyewe.

Aliyeieneza mbinu hii ya kuchagua, kubishana na kuchagua tena ni Eric Mazur, profesa wa fizikia Chuo Kikuu cha Harvard, tangu miaka ya 1990. Mwaka 2014 mtafiti Scott Freeman na wenzake walichambua tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati. Waliofundishwa kwa mihadhara mitupu walikuwa katika hatari ya kufeli mara 1.5 ya wenzao walioshirikishwa darasani.

Ila wanafunzi watalalamika. Utafiti wa Harvard wa mwaka 2019 ulionyesha kuwa walioshiriki darasani walijifunza zaidi, lakini wenyewe walidhani wamejifunza kidogo. Kuumiza kichwa kunachosha. Mhadhiri awaeleze hivyo mapema, asirudi nyuma.

Wala uhaba wa kompyuta usiwe kisingizio, maana swali la malori linataka daftari na kalamu tu. Nawaomba wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, na wa kampasi ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) ya Myunga hapa Momba, watenge robo saa ya kila kipindi kwa maswali ya namna hii. Juma lijalo tutazungumzia mitihani.