Kichocho cha Utotoni, Saratani ya Ukubwani

Kuanzia bonde la Ruvu hadi Wami na Saadani, kisha Pangani mpaka Tanga, ukanda huu wetu wa pwani ni makao ya zamani ya kichocho cha mkojo. Konokono wanaobeba vimelea vyake hawaishi baharini. Wako kwenye maji baridi: madimbwi, vijito, majaruba ya mpunga. Mtoto akiogelea humo, vimelea hupenya ngozi bila yeye kuhisi. Miezi kadhaa baadaye anakojoa vizuri, ila matone ya mwisho yanatoka na damu. Wapo wazazi wanaoliona hilo kama hatua ya kukua, nalo linapita bila dawa.

Mnyoo dume na jike huishi wameshikana ndani ya mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Jike hutaga kila siku, miaka nenda miaka rudi. Yai halionekani kwa macho, lakini chini ya hadubini lina mwiba mdogo nchani. Ndiyo maana mtu wa maabara huomba mkojo wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana: hapo ndipo mayai hutoka kwa wingi. Yasiyotoka hunasa kwenye ukuta wa kibofu, yakafa na kuwa magumu kama chokaa. Mwili hauyavumilii. Chembe nyeupe za damu huyashambulia kwa kemikali kali, na kemikali hizo huunguza pia seli za jirani na kuharibu vinasaba vyake.

Utando wa ndani wa kibofu umeumbwa kutanuka na kusinyaa. Ukichubuliwa miaka mingi, seli zake huacha umbo lake la asili na kuwa bapa, ngumu, zikafanana na za ngozi ya nje. Hiyo bado si saratani. Hatari iko kwenye ukarabati usiokwisha, kwani kila seli inapogawanyika hunakili vinasaba vyake, na makosa hujilimbikiza. Kinasaba kiitwacho TP53 kina kazi ya kuizuia seli iliyoharibika isigawanyike, au kuiamuru ife. Nacho kikiharibika, seli hiyo haina tena wa kuizuia. Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilikiweka kichocho cha mkojo katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa vya saratani. Misri, ambako daktari Mjerumani Theodor Bilharz alimgundua mnyoo huyu mwaka 1851, saratani ya kibofu iliongoza kwa wanaume kwa miongo mingi.

Seli za kawaida hushikana. Ya saratani hulegeza vishikio vyake, hutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha utando ulio chini yake, kisha huingia kwenye msuli wa kibofu. Kwangu mimi hapa ndipo penye uzito wote wa ugonjwa huu, maana msuli una mishipa ya damu na ya limfu. Seli ikiingia humo inaweza kufika kwenye tezi za nyonga, mapafu, ini au mifupa. Nyingi hufia njiani. Mwaka 1889 daktari Mwingereza Stephen Paget alizifananisha na mbegu: hupeperushwa kila upande, lakini huota pale tu zinapokuta udongo unaozikubali. Nazo zikishaota huita mishipa mipya ya damu izilishe, kwani bila hiyo uvimbe hauzidi milimita moja au mbili.

Saratani hii inayotokana na kichocho ina tabia yake. Mara nyingi hutanuka palepale nyongani kwa muda mrefu kabla ya kwenda mbali, na wataalamu wengi wanaamini makovu ya miaka mingi huziba njia za limfu. Kwa hiyo mgonjwa aliyechelewa kiasi anaweza bado kuwa na nafasi ya upasuaji wa kuondoa kibofu. Huwapata watu mapema kuliko saratani nyingine za kibofu, wengi wakiwa na miaka 40 hadi 50 na kitu, wenye familia mikononi.

Prazikwanteli, ile ya kingatiba mashuleni, huua minyoo na kukomesha utagaji. Hairudishi vinasaba vilivyokwisha kuharibika. Mtu mzima aliyekulia kando ya Ruvu, akaona damu kwenye mkojo, asikubali kuishia kwenye dawa ya kichocho peke yake, hata kama damu imekoma baada ya kumeza. Aombe rufaa ya kupimwa kibofu kwa kamera, na kinyama kikatwe kichunguzwe. Kwa kinyama hicho daktari ataweza kujua kama seli zimekwisha kuingia kwenye msuli au bado, na tiba hupangwa kufuatana na jibu hilo.