Mchezo Ulioogopwa, Ukasahauliwa, Kisha Ukarudi

Yapo mambo ambayo mzazi huyasikia kwa jina kabla hajayaona kwa macho, na aghalabu jina hilo ndilo humtia hofu. Miongoni mwayo ni mchezo wa Kimarekani uitwao Dungeons & Dragons, yaani mahandaki na majoka, ambao umeanza tena kutajwa na vijana kutokana na wanayoyatazama katika runinga na mtandaoni. Tumeona ni vyema tuwaeleze wasomaji wetu mchezo huu ni kitu gani, ulikotoka, na kwa nini umepanda, ukashuka, kisha ukapanda tena katika muda wa miaka 50. Hatuandiki haya kwa nia ya kuupigia debe. Tunayaandika kwa kuwa historia yake ina funzo kwa kila nyumba yenye watoto, hata ile ambayo haitaucheza kamwe.

Tuanze na namna unavyochezwa. Watu watano au sita huketi kuizunguka meza. Hakuna anayeshinda wala anayeshindwa. Mmoja wao ndiye msimulizi, naye ndiye ajuaye mji uko wapi, mlango upi umefungwa na ni nani aliyejificha nyuma yake. Kila mmoja wa wenzake huchukua nafasi ya mhusika ambaye sifa zake zimeandikwa katika karatasi: jina lake, nguvu zake na udhaifu wake. Msimulizi husema kwamba wamefika mtoni na daraja limevunjika, kisha huwauliza watafanyaje. Hapo wachezaji hushauriana. Huyu ataka kuogelea, yule ataka kuukata mti, na wa tatu akumbuka kwamba mmoja wao hajui kuogelea. Jambo likiwa na shaka, hurushwa dadu yenye nyuso 20, na nambari itakayotokea ndiyo itakayoamua kama wamefaulu. Kikao kimoja huweza kuchukua saa tatu au nne, na hadithi yenyewe ikaendelea kwa miezi, hata miaka.

Sisi tuliolelewa kwa “Paukwa!” na “Pakawa!” hatutaona ugeni mkubwa katika jambo hili. Tofauti ni kwamba hapa msikilizaji haitikii tu, bali huingia ndani ya hadithi na kuibadilisha njia.

Asili ya mchezo huu haikuwa ya watoto. Mwaka wa 1824, afisa wa jeshi la Prussia aitwaye Georg von Reisswitz alitunga mchezo wa vita wa kuwafunza maafisa wenzake, ukiwa na ramani, dadu na mwamuzi wa kueleza matokeo ya kila amri. Michezo ya namna hiyo iliendelea kupendwa na raia waliovutiwa na historia ya vita. Takriban miaka 150 baadaye, katika eneo la Minneapolis na St. Paul huko Marekani, kijana aitwaye Dave Arneson na rafiki zake waliugeuza mtindo huo. Badala ya mchezaji kuongoza jeshi zima, kila mmoja aliongoza mtu mmoja tu. Mwenzake, Gary Gygax wa mji mdogo wa Lake Geneva katika jimbo la Wisconsin, akaziratibu kanuni za mchezo huo mpya. Gygax alikuwa baba wa watoto watano aliyepoteza kazi yake katika kampuni ya bima mwaka wa 1970, akawa akishona viatu nyumbani ili kujikimu.

Mwaka wa 1974 mchezo huo ulitolewa ukiwa vijitabu vitatu ndani ya kasha, kwa bei ya dola 10. Nakala za kwanza zilikuwa 1,000 pekee, na zilipangwa kwa mikono katika makasha yake. Kanuni zake zilikuwa zimefumbika mno hivi kwamba haikuwa rahisi mtu kuzielewa kwa kuzisoma peke yake. Alilazimika kumtafuta aliyekwisha kucheza, aketi naye, na ajifunze. Hivyo basi mchezo ulienea kwa njia ya urafiki: mwanafunzi kwa mwanafunzi, kaka kwa mdogo wake. Tunawaomba wasomaji walishike jambo hili, kwa maana ndilo litakalotueleza yaliyofuata.

Hofu ilianza mwaka wa 1979. Mwanafunzi wa chuo kikuu huko Michigan, kijana wa miaka 16 mwenye akili nyingi, alitoweka. Magazeti yakaandika kwamba huenda alipotea katika mahandaki ya chuo akicheza mchezo huo. Alipatikana akiwa hai baada ya takriban mwezi mmoja, ikabainika kwamba aliondoka kwa sababu ya huzuni na upweke wake, si kwa sababu ya mchezo. Mwaka uliofuata alijitoa uhai. Lakini kile kisa cha mahandaki kilikwisha kuenea, na watu wengi ambao hawakuwahi kulisikia jina la mchezo wakalisikia. Mauzo, badala ya kushuka, yakapanda.

Mwaka wa 1982, mama mmoja wa jimbo la Virginia, Patricia Pulling, alifiwa na mwanawe kwa njia hiyo hiyo. Aliamini kwamba mchezo ndio uliomuua. Akamshtaki mwalimu mkuu wa shule ya mwanawe, mahakama ikaitupilia mbali kesi, naye akaunda chama cha kuupiga vita mchezo huo. Runinga ya Marekani ikampa nafasi ya kusema, na baadhi ya makanisa na shule zikaupiga marufuku. Hatusemi haya kwa kumbeza mama aliyefiwa, kwani msiba wa mwana hauna kipimo. Hata hivyo, waliochunguza madai hayo hawakupata uthibitisho kwamba wachezaji walijidhuru kuliko vijana wengine. Mwandishi Michael Stackpole, katika ripoti aliyoitoa mwaka wa 1990, alionyesha kwamba takwimu zilizokuwa zikitajwa hazikuthibitisha lolote. Kampuni nayo, kwa kuogopa lawama, iliyaondoa majina ya mashetani katika toleo la mwaka wa 1989.

Linalotusikitisha zaidi ni hili: wakati watu wazima wakibishana kuhusu majoka ya kubuni, ni wachache waliouliza juu ya vijana walio hai, wenye majonzi ya kweli, waliokosa mtu wa kuwasikiliza.

Je, hofu hiyo ndiyo iliyouangusha mchezo? La. Uliangushwa na mambo mawili yasiyopigiwa kelele. La kwanza ni biashara mbovu. Kampuni iliyoumiliki, TSR, ilichapisha vitabu vingi kupita kiasi, wateja wakagawanyika, na maduka yakarudisha shehena zisizouzika. La pili ni kubadilika kwa namna vijana walivyotumia wakati wao. Mwaka wa 1993 ulitoka mchezo wa karata uitwao Magic: The Gathering, ambao watu wawili waliweza kuucheza na kuumaliza kwa muda mfupi. Michezo ya kompyuta nayo ilimpa kijana vita na safari bila ya haja ya kuwatafuta wenzake watano na kupatana nao siku. Kufikia mwaka wa 1997 TSR ilikuwa imezama katika madeni, ikanunuliwa na Wizards of the Coast, kampuni ile ile iliyotengeneza karata za Magic. Kwa wengi, mchezo wa mezani ukawa kumbukumbu ya zamani.

Ulirudi vipi basi? Wamiliki wapya walitoa toleo la tatu mwaka wa 2000, pamoja na idhini iliyomruhusu mtu yeyote kuandika na kuuza hadithi kwa kutumia kanuni zao. Mwaka wa 2014 likaja toleo la tano, lililojaribiwa kwanza na umma na kurahisishwa, na kanuni zake za msingi zikatolewa bure. Mwaka uliofuata, waigizaji wa sauti wa Los Angeles walianza kucheza mbele ya kamera kila wiki katika kipindi kiitwacho Critical Role. Mtu asiye na wa kumfundisha sasa aliweza kuona meza ya wengine na kujifunza. Jambo hili halikuwa jipya kabisa, kwani huko Japani, tangu mwaka wa 1986, jarida la Comptiq lilikuwa likichapisha mazungumzo ya wachezaji yakasomwa kama riwaya. Mwaka wa 2016 tamthilia ya Stranger Things ikawaonyesha watoto wanne wakicheza katika chumba cha chini cha nyumba. Na lilipokuja janga la Korona mwaka wa 2020, wengi waliofungiwa majumbani walikutana kwa video ili kucheza. Mwaka huo kampuni yenyewe ilitangaza kwamba watu zaidi ya milioni 50 wamewahi kuucheza.

Hata hivyo, umaarufu ni amana, na amana ikichezewa huondoka. Mnamo Januari 2023 zilivuja habari kwamba kampuni ilitaka kuibana ile idhini ya mwaka wa 2000 na kudai sehemu ya mapato ya waandishi wakubwa. Wachezaji walikasirika, wengi wakafuta usajili wao wa malipo. Kabla ya mwezi huo kwisha, kampuni ilirudi nyuma na kuziweka kanuni za msingi chini ya hati huria isiyoweza kufutwa.

Tukiyatazama haya yote kwa pamoja, tunaona kwamba mchezo haukupandishwa na sifa wala kushushwa na lawama. Ulistawi pale watu walipopata wa kuketi nao, na ulinyauka pale kila mmoja alipojifungia na kioo chake. Ndiyo maana leo wapo washauri nasaha huko Marekani wanaoutumia kuwasaidia vijana wenye haya kujifunza kusema na wenzao.

Hatumaanishi kwamba kila mzazi aufungulie mlango wake. Mna ndani yake hadithi za uchawi, miungu ya kubuni na mapigano, na familia inayoona kwamba hayo hayaifai ina haki ya kusema hapana. Kuhusu dadu, wanaotaka hukumu yake wawaulize wanavyuoni. Vikao navyo ni virefu, na muda wa ibada na masomo una haki yake. Twasema tu kwamba hapana inayotolewa baada ya kuona na kuuliza huwa na uzito kwa mtoto kuliko hapana inayotolewa kwa kuogopa jina.

Mwanao akikutajia mchezo huu, au mwingine wowote usioujua, muulize: unachezwaje? Unacheza na nani? Ni kitu gani unachokipenda ndani yake? Kisha kaa umsikilize mpaka amalize, hata kama maneno ni mengi na majoka yamezidi. Huenda mwisho wa yote ukaukataa mchezo, lakini utakuwa umemjua mwanao, naye atajua kwamba akiwa na jambo zito zaidi la kusema, nyumbani kuna mtu wa kumsikiliza.